Kifuniko Kimoja, Kiwanda Kizima

Kiwanda cha mafuta ya alizeti kinaweza kuwa na mbegu tele ghalani, tangi limejaa, umeme upo, mafundi wamefika alfajiri, na bado siku ikaisha bila kutoa hata katoni moja. Vifuniko vya chupa vimekwisha. Katika vyote vinavyoingia kwenye chupa ya lita moja, kifuniko ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa, lakini kisipokuwepo mafuta hayatoki kwenye tangi kwenda sokoni. Na saa hiyohiyo simu inaita ofisini. Ni mama mwenye duka la jumla, mteja wa miaka mingi.

"Mwanangu, zile katoni zangu hamsini vipi?"

"Shikamoo mama. Zipo mama, kesho asubuhi gari linakuja huko."

"Marahaba. Si ndivyo ulivyoniambia jana?"

"Kesho mama, usiwe na wasiwasi."

Kijana huyu wa mauzo hana nia ya kumdanganya mtu. Hajui tu. Hajui kwamba vifuniko vimekwisha, hajui vingine vitafika lini, na hajui kwamba katoni thelathini alizoziona jana pale mlangoni zilishaahidiwa mteja mwingine na mwenzake wa meza ya pili. Amesema "zipo" kwa sababu ndilo jibu la heshima alilo nalo. Kesho yake mama atapiga tena, na keshokutwa atapiga kiwanda kingine.

Viwanda vyetu vingi, wateja wakizidi kulalamika, huitisha semina ya huduma kwa wateja. Wafanyakazi hufundishwa kupokea simu mapema, kusalimia vizuri, kutabasamu, kuomba radhi. Kila mwanzoni mwa Oktoba, katika Wiki ya Huduma kwa Wateja, mabango hutundikwa na keki hukatwa. Hayo yote ni mema, na adabu ina thamani yake. Lakini mteja wa kiwanda halalamikii sana adabu. Kinachomkera ni kuzungushwa. Amepigwa kalenda mara tatu, amewaahidi wateja wake mwenyewe, amefungua nafasi kwenye rafu, ametenga fedha, na mzigo haukuja. Tabasamu halimsaidii. Kinachoweza kumsaidia kipo stoo, kwenye daftari la mtunza stoo ambaye hakualikwa kwenye semina ile.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa wenye viwanda vya kati na vidogo, wa mafuta, sabuni, magodoro, samani, unga na maji ya chupa: huduma kwa mteja inaanzia kwenye hesabu ya mali. Kiwanda kisichojua kilicho nacho hakiwezi kumwambia mteja ukweli, hata kikiwa na wafanyakazi wakarimu namna gani.

Tuendelee na alizeti, maana mambo yote ya stoo yanaonekana humo kwa ukali zaidi. Mikoa ya kati ya Tanzania, hasa Singida na Dodoma, ndiyo inayotajwa kwanza kwa zao hili. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka watu hupanda, na kuanzia takriban Mei huvuna. Kwa miezi michache mbegu huwa nyingi na bei huwa chini. Baada ya hapo hupungua kila wiki, bei inapanda, na kufikia mwanzoni mwa mwaka unaofuata mashine nyingi ndogo za kukamua huwa zimefungwa. Mteja, kwa upande wake, anapika kila siku. Mwenye kiwanda anayetaka kuuza mafuta Februari lazima awe amenunua mbegu Juni. Ghala lake basi si mahali pa kupitishia mzigo tu. Humo ndimo alimolaza mtaji wake wa mwaka mzima, na mara nyingi mtaji wenyewe ni wa mkopo unaozaa riba usiku na mchana.

Mtaji uliolala namna hiyo unaweza kuoza, kwa maana halisi ya neno. Mnunuzi mzoefu haridhiki kutazama mdomo wa gunia. Anachoma bambo ubavuni, karibu na katikati, anamimina mbegu kiganjani na kuzinusa, kisha anabana mbili tatu kwa meno. Mbegu kavu hupasuka kwa mlio mkavu, mbichi hubonyea. Zile mbichi zikirundikwa pamoja na kavu, rundo hupata joto ndani, ukungu huingia, na mafuta yatakayokamuliwa miezi mitatu baadaye yatakuwa na asidi nyingi na harufu inayomfanya mpishi ageuze uso. Mteja atakayerudisha dumu la mafuta hayo Oktoba atapokewa na mtu wa mauzo aliyefunzwa kuomba radhi vizuri. Kosa lenyewe lilitendeka Juni, kwenye mizani, na aliyepokea gunia lile hakuandika limetoka kijiji gani wala siku gani.

Ndiyo maana kila shehena inahitaji lebo yake: tarehe ya kupokelewa, ilikotoka, uzito, hali ya ukavu. Magunia yapangwe juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta, na njia ya mtu kupita iachwe, ili lililoingia kwanza liweze kutoka kwanza. Ghala lililopangwa bila njia hulazimisha wapakuzi kuchukua lililo karibu na mlango, na lililo karibu na mlango ni jipya. Magunia ya nyuma hubaki hadi yaonwe na panya. Kwa bidhaa zenye tarehe ya mwisho wa matumizi kanuni ni kali zaidi: kinachoisha muda mapema ndicho kitoke mapema, hata kama kiliingia jana.

Mbegu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni vifungashio: chupa, vifuniko, lebo, katoni, gundi. Na kuna vipuri vya mashine, ambavyo viwanda vingi haviviandiki popote. Vinakaa kwenye kabati la fundi mitambo, na fundi akienda msibani kijijini hakuna ajuaye kama kuna beringi ya akiba au hakuna.

Kwa vitu hivi vinavyoagizwa mara kwa mara, maswali ni mawili tu: niagize lini, na niagize kiasi gani? Yote mawili yana jibu la hesabu ya darasani.

Tuseme kiwanda kinatumia katoni 12 za vifuniko kwa siku, na kinafanya kazi siku 300 kwa mwaka. Hizo ni katoni 3,600. Anayewauzia yuko Dar es Salaam na kwa kawaida mzigo wake huchukua siku 10 za kazi kufika. Katika siku hizo 10 kiwanda kitatumia katoni 120, kwa hiyo wengi husema zikibaki 120 tuagize. Hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu wamehesabia siku njema. Angalia daftari la mwaka mzima: kuna mara ambapo mzigo ulichukua siku 15, na kuna wiki za pilikapilika ambapo matumizi yalifika katoni 16 kwa siku. Zidisha hayo mawili mabaya, upate 240. Tofauti ya 240 na 120 ndiyo akiba yako ya tahadhari, na 240 ndicho kiwango cha kuagizia. Piga mstari mwekundu sakafuni au kwenye rafu: rundo likishuka hadi hapo, oda inaondoka siku hiyohiyo, bila kumsubiri bosi arudi safarini.

Swali la pili lilipata jibu lake mwaka 1913, pale mhandisi Mmarekani, Ford Whitman Harris, alipochapisha makala fupi katika jarida la wenye viwanda. Aliona kwamba kila oda ina gharama yake, iwe kubwa au ndogo: nauli, simu, malipo ya kupakua, muda wa watu. Na kila kitu kinachokaa stoo nacho kina gharama yake: riba, pango, kuharibika, kuibwa, bima. Ukiagiza kidogokidogo gharama ya kwanza inakumaliza. Ukiagiza mzigo wa mwaka mzima, ya pili inakumaliza. Kanuni yake inasema: zidisha mahitaji ya mwaka kwa gharama ya oda moja, zidisha tena kwa 2, gawanya kwa gharama ya kutunza kitu kimoja kwa mwaka, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa kiwanda chetu, tuseme oda moja hugharimu shilingi 50,000 na kutunza katoni moja kwa mwaka ni shilingi 4,000. Jibu ni katoni 300, yaani oda 12 kwa mwaka.

Ukiacha ile akiba ya tahadhari, kuagiza 300 kila mara kunagharimu shilingi 1,200,000 kwa mwaka, oda na utunzaji pamoja. Kuagiza 100 kila mara kunafikia shilingi 2,000,000. Kuagiza 1,200 kwa sababu muuzaji ametoa punguzo kunafikia 2,550,000, na hapo ndipo punguzo lile linapaswa kupimwa kama kweli ni punguzo. Kitu kizuri katika kanuni hii ni kwamba haihitaji usahihi wa dawa. Ukiagiza 250 au 350 badala ya 300, gharama inapanda kwa shilingi zisizozidi 20,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu asiache kupiga hesabu eti kwa sababu hana takwimu kamili. Makadirio ya mtu makini yanatosha.

Kisichotosha ni hesabu iliyojengwa juu ya idadi ya uongo. Wazee walishatuambia kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na stoo za viwanda zinathibitisha hilo kila mwezi. Kadi ya stoo inayoning'inia kwenye rafu ni kipande cha karatasi chenye safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Itazame vizuri. Kama maandishi ya wiki nzima ni ya kalamu moja, yenye mkono uleule usiotetereka, basi yaliandikwa kwa mkupuo Ijumaa jioni, kwa kukumbuka. Kadi iliyo hai ina kalamu tofauti, ina alama ya vidole vyenye grisi, ina sahihi ya aliyechukua na aliyetoa. Viwanda vilivyohamia kwenye kompyuta havijaepuka ugonjwa huu. Fungua programu uone bidhaa inayosomeka kwamba zimebaki hasi arobaini. Hakuna stoo duniani yenye katoni hasi arobaini. Maana yake mzigo uliuzwa kabla ya kupokelewa kwenye kitabu, au uliingizwa kwa jina jingine. Programu nzuri inaharakisha ukweli ukiwepo. Uongo nao inauharakisha vilevile.

Dawa yake haina siri. Kuhesabu mali mara moja kwa mwaka, Desemba au Juni, kiwanda kimefungwa na watu wamechoka, kunawaridhisha wakaguzi lakini hakumsaidii mteja wa Machi. Bora kuhesabu vitu vichache kila siku, asubuhi kabla mashine hazijawashwa, na tofauti ikionekana itafutwe siku hiyo, wakati watu bado wanakumbuka nani alichukua nini. Na visihesabiwe sawasawa. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya General Electric ya Marekani ilipoanza kugawa bidhaa zake katika madaraja matatu, wenye viwanda wamejua kwamba vitu vichache hubeba sehemu kubwa ya thamani ya stoo, na hivyo ndivyo vya kuhesabiwa kila wiki. Vya kati kila mwezi. Vidogovidogo kila robo mwaka.

Nakubaliana na mgawo huo, ila naongeza jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Kwa thamani ya shilingi, kifuniko kiko daraja la chini kabisa. Kwa madhara ya kukosekana, kiko daraja la juu kabisa. Kwa hiyo kila kitu cha stoo kiulizwe mara mbili: kina thamani gani, na kisipokuwepo kinasimamisha nini? Vitu vya bei ndogo vyenye uwezo wa kusimamisha kiwanda viwekewe akiba nene bila ubahili, maana kuvitunza ni rahisi na kuvikosa ni ghali.

Kuna mameneja watakaopinga hapa. Watasema dunia imehama kutoka kwenye akiba. Wajapani wamefundisha kwamba akiba ni uharibifu. Kauli hii inazunguka sana kwenye semina, na imewaumiza watu, kwa hiyo tuitazame kwa makini.

Mfumo unaozungumzwa ni wa Toyota, na aliyeupa umbo ni Taiichi Ohno, aliyevutiwa na namna supamaketi za Marekani zinavyojaza rafu kadiri mteja anavyochukua. Alitumia kadi, kanbani, zinazosafiri na masanduku ya vipuri: sanduku likiisha kadi inarudi nyuma, na ndiyo ruhusa ya kutengeneza jingine. Hakuna kinachotengenezwa bila kuitwa. Akiba ikipungua, matatizo yaliyofichwa na marundo ya mali huonekana: mashine inayoharibika ovyo, muuzaji anayechelewa, fundi anayerudia kazi. Somo hilo ni zuri sana na ningependa kila kiwanda chetu kilijaribu, angalau kwa vitu vinavyotengenezwa ndani.

Lakini mfumo ule ulikulia mahali ambapo wauzaji wengi wa vipuri wako jirani na kiwanda, barabara nzuri, mzigo ukija mara kadhaa kwa siku. Na hata huko uliwahi kutikiswa. Jumamosi ya tarehe 1 Februari 1997, moto uliunguza kiwanda cha Aisin mjini Kariya, kilichokuwa kinatengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani kwa ajili ya magari ya Toyota. Toyota ilikuwa na akiba ya saa chache tu. Viwanda vyake karibu vyote nchini Japani vilisimama kwa siku kadhaa. Kilichoiokoa ni uhusiano wake na wauzaji: makampuni mengi, hata Brother inayojulikana kwa cherehani, yaligeuza mashine zake usiku kucha yatengeneze vali, na uzalishaji ukarejea baada ya siku chache. Mwaka 2011, baada ya tetemeko kubwa la ardhi na tsunami, Toyota yenyewe iliwataka wanaoiuzia chipu za kielektroniki waweke akiba ya miezi kadhaa. Uhaba wa chipu ulipoikumba dunia mwaka 2021, watengenezaji wengine walisimama mapema kuliko Toyota, ingawa hatimaye nayo ilipunguza uzalishaji.

Kwa hiyo hata walioanzisha jambo hili hawasemi akiba zote ni uharibifu. Wanapima umbali na hatari. Kiwanda cha Mwanza au Bukavu kinachotegemea malighafi ya meli kutoka China, ipite bandarini Dar es Salaam au Mombasa, ipande lori, ipite mizani na mpaka, hakiwezi kuishi kwa akiba ya saa chache. Tunachoweza kukichukua kutoka Toyota bila kubadilisha chochote ni nidhamu ya karakana: kila kitu mahali pake na alama yake. Tanzania tumeshakuwa na maneno yake kwa miaka, yaliyoanzia hospitalini na baadaye kuingia viwandani pamoja na mafunzo ya kaizeni, yaani uboreshaji endelevu: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. La mwisho ndilo gumu.

Hadi hapa tumekuwa upande wa ndani. Sasa tutoke nje, kwa mteja, maana hesabu ya stoo haikamiliki bila kujua yeye atataka nini.

Kosa la kwanza ni kutabiri kwa kalenda ya ofisini wakati mteja anaishi kwa kalenda nyingine. Kiwanda cha unga, sukari au mafuta kinacholinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana kinajipoteza, kwa sababu Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Iliyoanza Machi 2024 ilianza Februari mwaka 2026, na mwaka 2030 kutakuwa na mwanzo wa Ramadhani mara mbili, Januari na Desemba. Wenye viwanda vya magodoro na masanduku ya shule wana kalenda yao: Januari shule zinapofunguliwa, na Julai kidato cha tano wanaporipoti. Wanaouzia wakulima hufuata mavuno, maana mkulima hujenga na kununua samani akishauza. Nyakati hizi zinafahamika na kila mwenye duka. Mtu wa mipango kiwandani akiwapigia simu wenye maduka kumi wakubwa wiki nane kabla, atapata utabiri ulio bora kuliko mchoro wowote wa kompyuta.

Kosa la pili ni kuamini oda kuliko mauzo. Mwaka 1997 Hau Lee wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walieleza jambo ambalo kampuni ya Procter & Gamble ilikuwa imeliona kwenye nepi za Pampers: watoto hutumia nepi kwa kiwango kilekile siku zote, mauzo ya madukani hayapandi wala kushuka sana, lakini oda za wasambazaji hupanda na kushuka, na oda zinazofika kwa wauzaji wa malighafi hupanda na kushuka kupita kiasi. Kila anayeagiza huongeza kidogo ya tahadhari, na anayemfuata huongeza juu ya ongezeko.

Hapa kwetu hali hii huchochewa na mgao. Bidhaa ikiadimika, kiwanda hutangaza kwamba kila wakala atapewa nusu ya alichoomba. Wakala mwenye akili anaomba mara mbili. Kiwanda kinaona oda zimepanda, kinakopa, kinaongeza zamu, kinajaza ghala. Uhaba ukiisha, zile oda za ziada huyeyuka kwa siku chache, na mzigo unadoda. Cisco, kampuni kubwa ya vifaa vya mtandao, ilinaswa katika hali ya namna hii na mwaka 2001 ikafuta kwenye vitabu vyake mali yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2. Kama kampuni kubwa hivyo iliumia, kiwanda kidogo hakina ubavu wa kustahimili. Njia ya haki wakati wa uhaba ni kugawa kwa kufuata alichokinunua mteja miezi iliyopita, na kumwambia hivyo waziwazi. Hapo hakuna faida ya kuomba mara mbili, na mteja mwaminifu aliyenunua hata miezi mibaya anaona uaminifu wake umehesabiwa.

Mzigo uliododa nao ni jambo la huduma kwa mteja, ingawa hautazamwi hivyo. Unakula nafasi na fedha ambazo zingenunua kile mteja anachokiomba. Kila robo mwaka orodheshwe kila kilichokaa miezi sita bila kuguswa, na uamuzi utolewe: kiuzwe kwa bei ya kuondoa, kirudishwe kwa muuzaji, kitengenezwe upya, au kitupwe. Ni uamuzi mchungu, na meneja anayeukwepa huishia kulipa pango la ghala la pili.

Na sasa ile simu ya mama. Kijana wa mauzo akiwa na idadi ya kweli mbele yake, na akiweza kuona si tu zilizopo bali zilizopo ambazo hazijaahidiwa mtu, jibu lake hubadilika: "Mama, leo nina katoni ishirini za kwako. Thelathini zilizobaki ni Alhamisi, vifuniko vinafika Jumanne. Nikutumie hizi ishirini au nizisubirishe ziende pamoja?" Mama hakupata alichotaka, lakini amepata cha kupangia. Anaweza kuchukua ishirini, akaziuza, akawaambia wateja wake Alhamisi. Habari mbaya iliyokuja mapema mteja anaweza kuifanyia kazi. Ikija imechelewa, inabaki kuwa hasara yake peke yake.

Kwa hiyo kipimo cha huduma kiwandani kisiwe idadi ya simu zilizopokelewa. Kiwe hiki: katika oda 100 za mwezi huu, ni ngapi zilifika siku tuliyoahidi, zikiwa kamili, bila kasoro? Hesabu oda nzima. Mteja aliyepata katoni 49 kati ya 50 hakupata oda yake. Namba ya kwanza mtakayoipata inaweza kuwasikitisha. Msiirembe. Ibandikeni ukutani, na kila oda iliyokosa iandikiwe sababu kwa neno moja: vifuniko, gari, mashine, hesabu, malipo. Baada ya miezi mitatu sababu mbili au tatu zitajitenga na nyingine, na hizo ndizo za kwanza kushughulikiwa.

Malalamiko nayo yana njia yake ya kurudi stoo, ikiwa chupa imepigwa namba ya bechi. Mteja akisema mafuta yana harufu, namba ile inaonyesha yalijazwa siku gani, kutoka tangi lipi, kwa mbegu ya shehena ipi. Kiwanda chenye namba hiyo kitarudisha katoni mia mbili. Kisichokuwa nayo kitakuwa na machaguo mawili, kurudisha mzigo wote ulioko sokoni au kukana kosa, na kwa kuwa la kwanza linafilisi, wengi hufanya la pili. Kukana hukomaza uadui. Mpeni mteja jibu ndani ya siku mbili, hata kama jibu ni kwamba bado mnachunguza, na mkibadilisha mzigo badilisheni bila kumdai aeleze mara nne kwa watu wanne.

Yote haya yanarudi kwa mtu mmoja ambaye viwanda vyetu vimemdharau kwa muda mrefu. Mtunza stoo mara nyingi ni ndugu aliyehitaji kazi, au mfanyakazi aliyeshindwa kwingine, analipwa mshahara wa chini, hana kiti kwenye mkutano wa mipango, na huitwa ofisini siku kitu kimepotea tu. Huyo ndiye anayejua kwamba vifuniko vimebaki vya siku nne. Anajua lori la chupa lilikuja na pungufu. Anajua ni bidhaa gani haijaguswa tangu mwaka jana. Apewe mafunzo ya hesabu na kompyuta, alipwe kwa kadiri ya mali anayoilinda, apewe mamlaka ya kukataa kutoa kitu bila karatasi hata kama anayeomba ni mtoto wa mwenye kiwanda. Na Jumatatu asubuhi, mkutano wa mauzo unapoanza, aketi humo na kadi zake, na awe wa kwanza kuzungumza kabla hajaahidiwa mteja yeyote.